Sista Twende, Aliyeomba Radhi Sakafuni

Alizaliwa mwaka 1938, kitinda mimba wa mshona viatu, katika chumba kimoja ambamo kaka yake mkubwa alishinda akizungumza na ukuta. Kwa kaka huyo alijifunza kutowaogopa watu wa namna hiyo. Alipohitimu uuguzi aliomba mwenyewe kazi kwenye wodi ya wanaume ya hospitali ya wagonjwa wa akili, mahali ambapo wenzake walipelekwa kwa adhabu. Sista Twende ni jina alilopewa na wagonjwa baadaye, na ndilo lililoandikwa kaburini.

Desturi ya wodi ile ilikuwa hivi: meza dawa, upewe sigara, nyamaza, upewe nyingine. Yeye naye, Mungu amrehemu, alizigawa sigara kwa miaka tisa, kwa nia njema kabisa. Mwaka 1971 wagonjwa watatu walikufa mfululizo, na hakuna aliyeuawa na wazimu: mmoja mapafu, wawili moyo. Wa nne angekuwa yule waliyemwita Hakimu, kwa kuwa alitoa hukumu juu ya kila kitu, hata chai. Daktari alimpa mwaka mmoja. Sista alitoka kwenye mazishi ya tatu, akakusanya sigara zote, akazichoma bila kumuuliza mtu.

Siku ya tatu wodi ilichemka. Msimamizi wa wauguzi alimwambia, "Akiumia mtu mmoja tu, dada, unaondoka, na sigara zinarudi." Mchana huohuo Hakimu aling'oa mguu wa benchi, akaufunga mlango kwa mgongo wake, Sista akiwa ndani.

"Mahakama imekaa," alisema. "Mke wangu alichukuliwa. Nyumba ikachukuliwa. Akili nayo wanasema imekwenda. Na wewe, sista, ukaona zimebaki sigara?"

Walinzi wakaanza kuusukuma mlango kwa nje. Sista akawaambia wangoje. Kisha akaketi sakafuni, chini ya ule mguu wa benchi aliouinua Hakimu.

"Nina hatia, baba. Nilikupa ili unyamaze, halafu nikakunyang'anya bila kukuuliza. Naomba radhi. Zako utazipata, uzishike mwenyewe. Ila kabla ya kila moja, twende hadi kwenye ukuta wa uwanja na kurudi, mimi na wewe."

"Nikikataa?"

"Utavuta. Mimi nitakwenda peke yangu, nikirudi nitakuuliza tena."

"Hukumu imeahirishwa," akasema Hakimu, akaushusha mguu wa benchi.

Kesho yake hawakufika hata nusu ya uwanja. Hakimu alikohoa mpaka akapiga magoti, na Sista, ambaye hakuwa mwembamba, alihema kando yake. Mwezi ulipokwisha walikuwa watu kumi na mmoja wanaotembea. Wapo walioacha moshi, wapo wasioacha kamwe, na hao pia alitembea nao.

Alifariki mwaka 1994. Wanaotaka muujiza wasikie huu: wagonjwa arobaini walilifuata jeneza kwa miguu, kilomita sita, za mwisho zikiwa mlima, na Hakimu, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa mmoja wa waliobeba. Padre alipomsihi apumzike, alimjibu, "Pumzika wewe, padre. Unahema."

Tumwige basi. Kumnyang'anya mgonjwa kinachomdhuru, yeyote anaweza. Kazi ni kuketi chini, kumuuliza, na kumngoja ajibu.