Maji ya Juu ya Lambo

Likizo iliyopita nusura niwe mchungaji wa kudumu. Kijana aliyekuwa akituchungia alivuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya kuchuma chai, na babu, ambaye kwetu Itiryo neno lake halina rufaa, akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani kama mtu anayechagua fahali.

"Mura," akasema, maana kwa Kikurya kijana huitwa hivyo, "huko shuleni Bomani hurudi. Utachunga." Maneno yake nimeyatafsiri. Matusi nimemwachia mwenyewe.

"Shikamoo babu," nikajibu.

"Shule imekufundisha nini cha kumsaidia ng'ombe?"

Kusema kweli, tulikuwa tumefundishwa mito ya Uingereza na kusimama wima mbele ya picha ya Malkia. Nikakumbuka somo moja tu la kunifaa. Mwalimu wa sayansi alisema jua hupenya sehemu ya juu tu ya ziwa. Humo kwenye mwanga, vimea vidogo kuliko vumbi hujitengenezea chakula, wadudu huvila, samaki huwala wadudu. Chini kabisa ni giza, hakuoti kitu.

Babu akafikiri. "Kwa hiyo maji ya juu ni chakula, ya chini ni maji tu?"

Hapo nilipaswa kusema, "Si hivyo hasa, babu." Lakini shule nilikuwa naitaka. Nikasema, "Umepatia."

"Nionyeshe."

Nikachukua sahani nyeupe ya bibi, ile ya wageni, nikaifunga kamba kama alivyofanya mwalimu, nikaizamisha kwenye lambo tunaponyweshea ng'ombe. Haikufika hata kina cha kiwiko, ikapotea machoni.

"Hapo ndipo jua linapoishia," nikatangaza.

Babu akavua kofia. Nikavuta kamba. Kamba ikarudi peke yake.

"Na sahani?"

"Iko gizani, babu."

Tukapatana: kwa siku saba nitaengua maji ya juu kwa kata na kumnywesha fahali wake mwekundu. Akinenepa, narudi shule. Asiponenepa, fimbo ya kuchungia ilikuwa imeshakatwa, imeegemezwa mlangoni inanisubiri.

Nilikuwa naengua taratibu kama mama aenguaye mtindi. Fahali alikunywa, akanikojolea mguuni, hakunenepa. Lakini babu hakuweza kunyamaza; alijisifu kwenye pombe, na siku ya nne ng'ombe wa kijiji kizima walifika lamboni kabla umande haujakauka, kila mwenye ng'ombe anataka wake wawe wa kwanza. Wakanywa hadi lambo likashuka, kingo zikabaki tope tupu.

"Mzee, ng'ombe wako wamemaliza juu!" jirani akafoka. "Wangu wameachiwa chini!"

"Uamke mapema!" babu akajibu.

Fimbo zikainuliwa. Nikaona hapa damu itamwagika kwa ajili ya somo la sayansi, nikapiga kelele: "Jamani, juu haiishi! Yakinywewa ya juu, ya chini ndiyo yanakuwa ya juu!"

Fimbo zikabaki hewani. Hata ng'ombe waliacha kunywa.

"Tangu lini?" babu akauliza.

"Tangu zamani, babu."

"Na wewe siku zote hizi ulikuwa unaengua nini?"

"Maji."

Bibi, aliyekuja kutazama ugomvi, alikunja nguo, akaingia kwenye tope, akachomoa kitu cheupe: sahani yake. Akaifuta kwa kanga akinitazama.

"Huyu arudi shule," akasema. "Akikaa hapa mwezi mmoja sitabaki hata na chungu."

"Arudi," babu akakubali. "Akibaki, ng'ombe wangu watakufa kwa kuwaza."

Kesho yake nikaondoka alfajiri, sanduku kichwani, kabla hawajabadili mawazo. Pale lamboni nikamkuta yule jirani amewazuia ng'ombe wake wasiguse maji, macho yake mashariki.

"Mura, wewe uliyesoma," akaniita kwa sauti ya chini, babu asisikie. "Jua limeshaingia majini?"

Nikainama, nikayachungulia maji.

"Bado kidogo," nikasema, nikaongeza mwendo.