Bibi Yangu Mbele ya Kamera

Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa kijijini kwetu Pito, ndiye aliyenifundisha kuigiza. Tukishamaliza palizi kwenye shamba la shule, alinisimamisha mwanzo wa tuta, mwenzangu akasimama mwisho kabisa wa mahindi. Nikisema ngonjera na yule asinyooshe mkono kwamba amesikia, narudia. "Kifipa kiache nyumbani," aliniambia, "na maneno uyaseme kama yanakuuma."

Nikiwa darasa la tano walikuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Walitaka kuigiza habari za familia inayohamia kijiji cha ujamaa, na mimi nikachaguliwa kuwa mjukuu. Mwongozaji alipouliza atampata wapi bibi kizee wa kugoma kuhama, nilimjibu haraka, "Ninaye."

Bibi yangu kweli alikuwa amegoma kuhama. Kaburi la babu lilikuwa nyuma ya nyumba yake, kando ya shamba la ulezi. Nilimwambia wageni wanataka tu kumpiga picha akiwa kwake. Akajifunga kitenge kipya, akakaa mlangoni.

Mwongozaji alininong'oneza, "Usimwambie kitu. Sema tu maneno yako."

Kamera ilipoanza kunguruma nilimshika bibi mkono, nikamvuta. "Bibi, unatuaibisha! Watu kama wewe ndio mnaotuchelewesha. Baki na kaburi lako, sisi tunakwenda!"

Niliyasema kama yananiuma. Bibi alinitazama, akalia mbele ya wageni wale. "Hata wewe, mjukuu wangu?" aliuliza kwa Kifipa. Mwongozaji alifurahi mno. Hatukurudia.

Filamu ilioneshwa mjini Sumbawanga, katika ukumbi uliozibwa madirisha kwa mablanketi. Bibi alipoonekana analia, watu walicheka. Mimi walinipigia makofi, mwalimu akanisimamisha juu ya kiti ili wanione. Bibi hakuwepo, lakini jirani alimsimulia yote.

Mwezi uliofuata alihama, bila kusukumwa na mtu. Nilimfuata kumweleza kwamba ulikuwa mchezo tu. Nilimkuta anapepeta ulezi.

"Najua," alisema. "Nimeambiwa ulicheza vizuri." Akaendelea kupepeta.

Aliishi miaka minne zaidi. Alinipikia, alinisuka nywele, na hakulitaja tena jambo lile. Mimi nilikuwa naona aibu kumwomba msamaha, kila likizo nikijiambia nitamwomba ijayo. Taarifa ya msiba ilinikuta shuleni, bwenini. Walimzika kule kijiji kipya, mbali na babu.