Mashine Iliyoningoja Mimi

Nakumbuka siku moja nilipigiwa makofi katika hospitali ndogo hapa Rumonge, na hadi leo nikiyakumbuka makofi yale natamani ardhi inimeze. Keti, mwanangu, nikwambie.

Nilikuwa kijana, fundi wa kompyuta peke yangu pale. Dosiye za wagonjwa, zile faili za matibabu yao, tulizihamishia kwenye programu kubwa ya hifadhidata, nami nikaisimika juu ya Linux, mfumo wa bure ambao hata siri zake ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma. Kitu kilicho wazi namna hiyo, mimi nikakifunga. Umeme wetu unaujua, unakwenda na kurudi. Mashine ikiwaka tena, hifadhidata ingeamka yenyewe kwa mstari mmoja tu wa maagizo. Sikuuandika, na nilifanya makusudi. Nilipenda watu wanitafute, waseme, "Bila weye hatuwezi kitu." Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Basi, siku hiyo nilikuwa Muhuta, kwenye mahari ya rafiki yangu. Adabu yetu unaijua: wazee wakianza mazungumzo, simu zinazimwa na haondoki mtu mkekani. Huku nyuma umeme ukakatika, ukarudi, hifadhidata ikabaki imelala. Shangazi yangu Mwajuma akaletwa na homa ya uti wa mgongo, hajitambui. Walijua kuna sindano iliyowahi kukaribia kumuua. Ni ipi, ilikuwa ndani ya dosiye. Muuguzi mkuu akaogopa kumdunga. Wakanipigia, wakanipigia tena, wakangoja.

Nilipofika jioni niliandika agizo moja, dosiye ikafunguka, watu wakapiga makofi.

"Murakoze, asante sana, mwanetu," akasema muuguzi. "Ungekawia kidogo tungemupoteza."

Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Shangazi alipona, ila kwa kucheleweshwa dawa sikio lake la kushoto likafa. Kesho yake niliuandika ule mstari kimyakimya, na tangu hapo umeme ukikatika hakuna aliyeniita. Lakini kila msimu wa mawese Shangazi huniletea kidumu cha mafuta. "Mutoto wangu, ni weye uliniokoa," husema, nami hupokea. Ndiyo, napokea, na mafuta yale nayala.

Siku moja nilijikaza, nikamweleza yote tukiwa barazani kwake. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Akatabasamu, akaniuliza kama nimekula.

Naona haya, mwanangu, na haya hii haizeeki. Shangazi bado yu hai, na kiti cha upande wa kulia kiko pale pale kinaningoja.

Kazi yako ifanye isimame hata usipokuwepo. Anayejifanya nguzo ya nyumba, siku akiondoka paa humwangukia mwingine. Na ukiwa na la kuungama, usifanye kama mimi: kaa upande wa sikio linalosikia. Mungu akupe mikono isiyotamani makofi, akupe na ulimi usiochagua sikio. Amina.