Gudulia la Emahoy Welete Maryam

Alizaliwa mwaka 1938 huko Gojjam, binti wa mkulima wa nafaka ya tefu, akaitwa Yeshimebet. Aliozwa akiwa na miaka kumi na mitatu. Uchungu wake wa kwanza ulichukua siku nne. Mtoto akazaliwa mfu, naye akabaki na fistula, mkojo ukimtoka mchana kutwa bila kuweza kuuzuia. Wapo watakaokunja uso kukuta mkojo katika maisha ya mtakatifu, na waukunje. Mumewe alimrudisha kwao. Katika kanisa la Bikira Maria hakuvuka tena mlango, maana mwenye kuvuja alisimama nje, ukutani. Akafanya kosa walilofanya wote wenye ugonjwa huo: aliacha kunywa maji ili asilowe. Mkojo ukawa mkali, ukamchubua mapaja, vijiwe vikaota kibofuni. Baba yake akampandisha nyumbu hadi hospitali, Addis Ababa, akashonwa, akapona.

Akawa mtawa, akaitwa Emahoy, yaani mama mtawa, Welete Maryam, akarudi kanisa lilelile. Ukutani aliwakuta wanawake saba, midomo imewakauka. Ilikuwa Kwaresima, ambapo hakuna anayegusa tone kabla ya saa tisa alasiri. Akawaletea gudulia la maji asubuhi kweupe, wapate kufika hospitali wakiwa hai. Padri, Abba Zerihun, alitoka mbio.

"We Emahoy, umerukwa na akili? Unawanywesha watu mfungoni, tena mlangoni kwa Bikira!"

"Hawa wamefunga tangu walipozika watoto wao, Abba. Mimi ninyime Komunyo ukitaka. Maji watakunywa."

"Basi kaa nao hukohuko!"

Akakaa. Miaka sita hakupokea Komunyo, jambo lililomuuma kuliko ugonjwa wake wa zamani, na kila asubuhi gudulia lilijaa. Aliwasindikiza hospitali mmoja mmoja, wengi walipona.

Ijumaa Kuu ya mwaka wa saba, Abba Zerihun alitoka nje katikati ya sala. Mpwa wake Zewditu, aliyejifungua mtoto mfu wiki mbili kabla, alikuwa amejikunyata ukutani.

"Hataki kunywa, Emahoy. Anasema mimi ndiye niliyekataza."

"Basi mnyweshe wewe."

Padri akapiga magoti, akamshikia kikombe mbele ya waumini wote, na ilikuwa saa nne tu asubuhi. Zewditu akanywa. Kisha wakamshika mikono, Abba huku na Emahoy huku, wakamwingiza kanisani hivyohivyo, akilowesha mazulia.

Emahoy alifariki mwaka 1994. Husemwa kwamba gudulia lake, lililowekwa ndani ya mlango, halijakauka hata siku moja. Nimewaona wanaolijaza: ni wale waliopona, kwa zamu. Ndugu msomaji, ukutani mwa kanisa lako amesimama nani? Mpelekee maji.