Seva Mbili Katika Chumba Kimoja

Guled alizaliwa katika familia ya wafugaji wa Ijara. Kila kiangazi kilipokaza, baba yake aliwagawa ng'ombe mafungu mawili: moja lilibaki karibu na kisima, jingine likaswagwa mbali. Majirani waliowaweka ng'ombe wao pamoja waliwapoteza pamoja.

Alipohitimu, aliajiriwa kutunza kompyuta katika hospitali ya binafsi mjini Garissa. Alifunga seva mbili za kuhifadhi taarifa za wagonjwa na namba za simu za wachangiaji damu. Kila kilichoandikwa katika ya kwanza kilinakiliwa papo hapo katika ya pili, ili moja ikizimika nyingine ishike kazi. Aliomba seva ya pili ikae wodi ya wazazi, ng'ambo ya ua.

Mkurugenzi, Daud, alikataa. "Kule ni tanuri. Kiyoyozi tunacho kimoja, na kiko hapa. Ziache zikae pamoja kwenye baridi."

Siku ya majaribio wafanyakazi walijaa mlangoni. Guled aliuchomoa waya wa seva ya kwanza. Muuguzi Leyla, aliyekuwa kwenye kompyuta ya mapokezi, aliendelea kutafuta majina kama kawaida.

"Inafanya kazi!" alipaza sauti. Watu wakapiga makofi.

Rukiyo, mfanya usafi mwenye mimba ya miezi minane, aliegemea ufagio wake. "Walaal, ndugu yangu, wewe umeua mashine mchana kweupe na unashangiliwa. Mimi nikivunja kikombe, naitwa ofisini!"

"Haijafa, abaayo, dada yangu. Imelala tu."

"Basi na mimi niacheni nilale hivyo hivyo."

Wote walicheka isipokuwa Leyla. Rukiyo alikuwa amevuja damu nyingi katika uzazi uliopita, na kundi lake la damu lilikuwa adimu. Majina ya wachangiaji wake wachache yalikuwa ndani ya seva hizo.

"Mkurugenzi, limebaki jaribio moja," Guled alisema. "Tuzime umeme wa chumba chote."

"Umeshafaulu mtihani, sasa unatafuta swali la kukufelisha?"

Guled alimkumbuka baba yake, lakini makofi yalikuwa bado masikioni. Akaurudisha waya mahali pake, jaribio likaachwa.

Ijumaa moja yenye joto kali, kiyoyozi kiliharibika wakati Guled na Daud wako msikitini, simu zimezimwa. Chumba kilichemka na seva zote mbili zikajizima. Wakati huo huo Rukiyo alikuwa amejifungua na damu haikukatika. Leyla alitafuta wachangiaji. Kioo kilibaki kitupu. Alimtuma mlinzi akimbilie msikitini. Baada ya swala imamu aliomba damu, na wanaume wakaja mbio, mikono ya kanzu imekunjwa. Ilibidi wapimwe mmoja mmoja. Kabla hajapatikana anayefaa, Leyla alikuwa amemfunika Rukiyo uso. Kichanga chake cha kike kililia kwenye kitanda cha pembeni.

Baada ya mazishi Guled aliibeba seva ya pili mwenyewe akavuka ua nayo. Daud alimshikia mlango. Walipokwisha kuiunganisha na kuiwekea feni, Guled alirudi akazima umeme wa chumba chote cha kwanza.

Wodini, Leyla aliandika jina la Rukiyo kwenye kompyuta. Majina ya wachangiaji wake yakajitokeza mara moja.

"Inafanya kazi," alisema kwa sauti ndogo.

Jina la kwanza lilikuwa la mama anayeuza maziwa ya ngamia nje ya lango la hospitali. Ijumaa ile mlinzi alimpita hapo akikimbilia msikitini.