Odowa ya Mlimani

Odowa, ule udongo wa kutafuna, katika soko la Migori siku hizi inauzwa kwenye mifuko ya nailoni, inanuka sabuni iliyopangwa kando yake. Wajawazito wananunua na kushukuru. Mimi hunusa, hurudisha, huondoka. Udongo huo ni wa kukandika ukuta.

Odowa ya kweli inanukia mvua ya kwanza. Nikiipata narudi Gwassi, miaka ya tisini mwanzoni, nikiwa na miaka kumi na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Mama alikuwa mjamzito, na hakuna kilichokaa tumboni mwake ila odowa. Ilipokwisha, aliyejitolea kupanda mlima kuchimba nyingine alikuwa Akeyo, mke mwenzake, niliyemwita mama mdogo kwa mdomo tu. Shangazi zangu walinifundisha kwamba mke mwenza hana jema. Walijua kila kitu wale, isipokuwa kazi.

Nilifuatana naye. Mlima ule haukuwa na wageni, ni nyani na ukungu tu. Nyasi zilitulowesha mpaka kiunoni. Nikateleza.

"Inuka, nyathina, mwanangu," Akeyo akasema. "Unatembea kama bata amevaa viatu."

Juu, chini ya mwamba, alichimba kwa ncha ya panga. Kila donge aliliuma kidogo, akatema, ndipo akalitia kwenye mfuko aliobeba. Nikasema moyoni, anamtemea mama uchawi! Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Tukishuka, aliponiachia mfuko akaenda kando kukata kuni, nilimwaga odowa yote nikajaza udongo mweupe wa pale ng'ombe wanaponywea maji.

Mama alikula. Akaharisha siku mbili, mimba karibu itoke. Shangazi wakaja mbio, leso zikiburuta chini. "Si tulisema! Si tulisema!"

Akeyo akachukua donge, akaliuma. Likakwaruza meno, nilisikia. Akanitazama.

"Nilichimba mahali pabaya," akasema.

Walimwita mchawi hata baada ya mtoto kuzaliwa mzima, kwa mazoea tu. Na mimi, mwoga mkubwa, nilikula ugali wake nikinyamaza.

Nilielewa nilipobeba mimba yangu ya kwanza na kuanza kula odowa mwenyewe. Mchanga ndani ya odowa hauonekani kwa macho, unajulikana kwa meno. Akeyo alikuwa anamchagulia mama kwa mdomo wake mwenyewe. Siku moja alikuja kwangu na mfuko, magoti yana matope ya mlima. Akatoa donge, akauma nusu, akaninyooshea iliyobaki.

"Utakula," akauliza, "ama utamwaga?"

Nikala.