Udongo wa Konokono Chini ya Shamba la Pamba

"Yule mama wa udongo wa Sapiwi kafukiwa na korongo." Maneno hayo yalinikuta sokoni Bariadi, na tangu hapo sikutulia. Binti yangu Joyness ni mjamzito, na udongo anaoutafuna kila siku unatoka mikononi mwa mama huyo.

Kesho yake saa moja asubuhi nafika Sapiwi, na mama huyo, Ng'washi Masalu, yu hai. Amepiga magoti chini ya ukingo wa korongo, anagonga ukuta kwa sururu fupi. Juu ya kichwa chake ardhi inaning'inia, imebeba mistari ya pamba.

"Mwangaluka, mayu," ananiamkia kwa Kisukuma, akiniita mama, bila kugeuka. "Umekuja kuzika au kununua?"

Kilichofukiwa ni jembe na kikapu chake. Alikuwa amepanda juu kunywa maji, ukingo ukaporomoka nyuma yake.

Siku nzuri hupata shilingi elfu sita, na kwa hizo analisha watoto wanne. Wateja wanautaka udongo wa chini tu, mweupe, laini, wenye magamba madogo ya konokono, eti unampa mtoto mifupa migumu. Mweusi wa juu hauliki. Ndiyo maana Ng'washi anachimba kwa kuingia ndani, juu anapaacha vilevile.

Deogratias, mwalimu wa sekondari, alimweleza kwamba hao ni konokono wa majini. Hapa palikuwa na maji yaliyotuama, maelfu mengi ya miaka iliyopita, na kila tabaka lina zama zake. Mwamba wa chini kabisa una zaidi ya miaka bilioni mbili. Ulikuwepo kabla ya samaki na konokono, uhai ungali vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikabadilika polepole, kizazi kwa kizazi, mpaka kukawa na wanyama.

"Hesabu hiyo siyo ya ng'ombe!" Ng'washi anacheka. "Kumbe Mungu hana haraka. Wenye haraka ni sisi."

Kisha anasugua gamba moja kwa kidole.

"Maji yalikuwa hapa hapa, mayu. Mimi leo naamkia foleni ya ndoo moja. Tumechelewa kuzaliwa. Natamani niyaone siku moja tu, yamejaa, wanangu wanaoga."

Kitakachomwokoa ni kukata kutoka juu, ngazi kwa ngazi. Lakini juu ni shamba la shemeji yake, Masele, ambaye amesimama ukingoni akitania.

"Shemeji, watoto wa Bariadi wanataka kulila shamba langu wangali tumboni?"

"Usiponipa mistari mitatu, korongo litaichukua bure, na mimi ndani yake."

Masele anautazama ufa uliopita katikati ya pamba. Hacheki tena.

"Nikishavuna," anasema. "Nitaleta ng'ombe na plau, tushushe juu kwanza."

Ng'washi anatamani siku hiyo. "Nitayaona matabaka yote juani, mpaka pale maji yalipolala." Ameahidi kungoja. "Ila mteja akinililia, mayu, sijui."

Basi wenzangu wenye mabinti wajawazito, nanyi mnaochimba, haya tuyaepuke:

Kutafuna udongo kwa uvumi wa mifupa, bila kumuuliza muuguzi kliniki.

Kuchimba chini wakati juu pananing'inia.

Kuingia korongoni baada ya mvua, au ufa ukionekana.

Kuchimba peke yako.

Kumwambia Ng'washi "nataka wa chini" kabla pamba ya Masele haijavunwa.